Maneno marefu tayari tuko nayo



Kwenye ukurasa huu tumesha soma maandiko mengi yenye kutuambia: jifunzeni Kiingereza. Nakubali. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa jumuiya hiyo, wa 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano. Sisi wa kilimo tunaliona jambo hili kila siku. Wazee wetu walisomea vitabu vya INEAC, ile taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1933, na vilikuwa kwa Kifaransa. Leo huko Kalambo, karibu na Bukavu, kuna kituo cha IITA, shirika lililozaliwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1967, na watafiti wake wanaandikaka zaidi kwa Kiingereza. Matangazo ya kazi nayo yanaomba lugha mbili. Kwa hiyo mjadala wa kama tujifunze ao tusijifunze umeisha.

Chenye sikubali ni namna tunavyojifunza. Nimezunguka klabu, nimetazama orodha za maneno zenye kupita kwenye simu zetu, vitabu tunavyopiga fotokopi, na programu za simu zenye kula mega zetu. Maoni yangu ni haya: tunapoteza miaka tukijifunza maneno ambayo tayari tuko nayo, na tunaacha yale ambayo hatuna. Na kwa sababu hiyo tunabaki bubu siku yenye tunaulizwa swali dogo. Nitaeleza.

1. Klabu na makofi

Klabu moja ya Kiingereza (jina nitaliacha, juu ziko nyingi zenye kufanana nayo) ilipanga mashindano ya hotuba Jumamosi moja. Ndugu mmoja wa mwaka wa tatu akasimama, akaongea dakika kumi juu ya njaa na maendeleo. Alitumia "ubiquitous", akatumia "quintessential", akatumia "notwithstanding" mara nne. Ukumbi ukapiga makofi mpaka meza zikatikisika. Kisha mgeni mmoja, afisa wa kilimo kutoka Uganda, akamuuliza kwa upole: wakulima wa kwenu wanafanyaka nini juu ya "weeds"?

Ukumbi wote ukaanza kucheka. Watu walilijua neno "weed" kwa njia ya nyimbo tu, kwa maana ya bangi. Ndugu yetu naye akacheka, akajibu kwamba serikali inakataza. Kumbe mgeni alikuwa anauliza juu ya magugu. Magugu, yale yenye kuvunja mgongo wa mama zetu kila msimu, yale tuliyofundishwa miaka yote mitano ya chuo. Mtu wa kilimo anajua kusema kwa Kiingereza "kilichoenea mahali pote", hajui kusema "jani baya".

Siandiki haya ili tumcheke. Hotuba yake ilikuwa na kichwa na mkia, na ujasiri alikuwa nao. Lakini alijifunza chenye alifundishwa. Katika ile klabu, na katika nyingine nilizotazama, kila kikao kinaanza na maneno matano makubwa ubaoni. Neno likiwa refu, watu wanaandika haraka. Neno likiwa fupi, wanaona aibu kuliandika, wanasema hilo ni la watoto wa primeri. Makofi yanaenda kwa mwenye neno refu. Mwenye kusema wazi kwa maneno madogo anasikia mtu nyuma akinong'ona kwamba bado yuko chini. Na hapo wengi wananyamaza, zaidi dada zetu, wenye kuchekwa haraka zaidi kuliko sisi. Wanakuja mwezi mmoja, miwili, kisha hawarudi tena.

2. Lugha yenye nyumba mbili

Ili tuelewe kosa liko wapi, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1066 watu wa Normandie, Ufaransa, waliivamia Uingereza wakaitawala. Kwa miaka mingi wakubwa wa nchi, mahakama na watu wa ikulu walisema Kifaransa, na watu wa shamba waliendelea na lugha yao ya zamani. Lugha hizo mbili zilichanganyika, na Kiingereza cha leo kimebaki kama boma moja lenye nyumba mbili.

Angalia wanyama. Mnyama akiwa zizini ana jina la mchungaji: "cow", "calf", "sheep", "pig". Akifika mezani anapata jina la bwana mkubwa: "beef", "veal", "mutton", "pork". Hayo majina ya mezani unayajua, ni "bœuf", "veau", "mouton", "porc". Mwenye kuchunga alibaki na lugha yake, mwenye kula alileta ya kwake.

Sasa chukua maneno ya masomo yetu: agriculture, irrigation, rotation, érosion, nutrition, production, fertilisation, germination, variété, organisation. Mtu mwenye lisansi ya Kifaransa akiyaona kwa Kiingereza anayatambua bila kamusi. Tunabadilisha herufi moja ao mbili, basi. Hayo ni maneno ya nyumba ya bwana, na sisi, kwa sababu ya historia yetu na Wabelgiji, tuliingia nyumba hiyo tangu sekondari. Tumesha yalipia. Kwa nini tunatoa tena dola kila mwezi ili mtu atuuzie?

Upande wa pili, nyumba ya shamba, imefungwa kwetu: "seed", mbegu. "Sow", kupanda mbegu. "Root", mzizi. "Weed", magugu na pia kupalilia. "Plough", kulima kwa jembe la ng'ombe. "Field", shamba. "Yield", mavuno ya eneo fulani. "Harvest", kuvuna. "Rot", kuoza. "Dig", kuchimba. "Heap", kilima kidogo cha udongo ao rundo. Maneno hayo ni mafupi, mengi yana silabi moja tu, na Kifaransa hakitusaidii hata kidogo, juu karibu yote hayakutoka kwake. Ukisikia "yield" mara ya kwanza huna pa kushika.

Na njo hayo mtu anayatumia akiwa shambani ao akihojiwa. Mkubwa wa mradi hatakuuliza maana ya "quintessential". Atakuuliza: mbegu zikichelewa, unafanya nini? Mizizi ikioza, unajuaje sababu? Mavuno ya hekta moja ni kiasi gani? Swali lote liko na maneno madogo, na jibu lake pia.

Magonjwa nayo ni vilevile. Kile tunachoita "mildiou" ya viazi, Kiingereza kinasema "late blight". Ule mnyauko wa bakteria wenye kuua migomba yetu ya Kivu, Kiingereza kinauita "wilt", neno dogo lenye maana ya kunyauka. Na yule kiwavi wa mahindi aliyeonekana Afrika mwaka 2016, Kifaransa kinamwita "chenille légionnaire d'automne", Kiingereza "fall armyworm". Nilimsikia mtu mmoja akieleza kwamba anaitwa "fall" juu anaanguka kutoka kwenye majani. Hapana. "Fall" hapo ni majira, ile "automne" ya Wamarekani. "Army" ni jeshi, "worm" ni mdudu kama mnyoo. Maneno matatu madogo, na usipoyajua unatunga biolojia yako mwenyewe.

3. Wakati mlango wa Kifaransa unakudanganya

Nimesema maneno marefu tuko nayo. Lakini iko mitego, na klabu zetu hazituonyeshi, juu kila mtu anafurahi neno limefanana. Nitatoa ile ya kazi yetu.

"Vulgarisation agricole" ni kazi ya wengi wetu. Kwa Kiingereza inaitwa "extension". Ukiandika kwenye barua kwamba ulifanya "vulgarization" miaka miwili, msomaji anafikiri neno "vulgar", la matusi, na anajiuliza ulikuwa unawafanya nini wakulima.

"Exploitation agricole" kwetu ni shamba na kazi zake zote. Kwa Kiingereza neno "exploitation" linanuka unyonyaji. Rafiki wa promosyon yangu alijieleza mbele ya jopo kwamba yeye ni "exploiter" wa hekta mbili, na kwamba anawafundisha vijana wa kijiji kuwa "exploiters" kama yeye. Alitaka kusema "farmer". Neno dogo, la silabi mbili.

"Labour" kwa Kifaransa ni kulima ardhi. Kwa Kiingereza ni kazi ya mikono, ni wafanyakazi, na pia ni uchungu wa kuzaa. "Culture" kwetu ni zao. Kwao, ukisema shambani muko "cultures" tatu, wanafikiri desturi za makabila matatu. Zao ni "crop". "Stage" yetu ya miezi mitatu kwao ni jukwaa, wanasema "internship". "Formation" ni "training". Ku "assister" semina ni "attend", na "assist" ni kusaidia. Ukiandika kwenye barua ya kuomba kazi "I demand", hauombi tena, unadai.

Na kwa wale wa usindikaji wa vyakula: "conservateur" ya juisi kwa Kiingereza ni "preservative". Usiirudishe kwa Kifaransa kama ilivyo mbele ya wateja, juu "préservatif" ni kondomu.

Klabu ingechukua vikao viwili tu kupanga mitego ya namna hii, kila idara na ya kwake, wa sheria, wa afya, wa uchumi, ingefanya kazi kubwa kuliko orodha hamsini za maneno ya kupendeza.

4. Mlango wa Kiswahili, wenye tunaudharau

Hapa njo penye nataka tukae kidogo.

Tunajifunza Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, kwa sababu walimu wetu walisoma hivyo, kamusi zetu ziko hivyo, na programu za simu ziko hivyo. Lakini maneno ya nyumba ya shamba, yale mafupi, rafiki yake si Kifaransa. Rafiki yake ni Kiswahili. Nani kati yetu amemwambia mama wa kijiji "procédez au sarclage"? Tunamwambia: palilia. Kazi tunaifanya kwa Kiswahili, ripoti tunaiandika kwa Kifaransa. Basi neno "weed" lifunge moja kwa moja na "palilia", bila kupita "sarclage". Neno "sow" na "panda". Neno "rot" na "oza". Ukizungusha njia tatu, ulimi unachelewa, na mwenye kukuuliza amesha geukia mwingine.

Na hapana maneno tu. Chukua nyakati za vitendo, zenye kutusumbua sisi wote. Kifaransa kinasema "je plante" kwa mambo mawili: ninapanda sasa hivi, na napandaka kila mwaka. Kiingereza kinayatenganisha. Kiswahili chetu cha huku nacho kinayatenganisha! "Niko napanda maharagi" ni "I am planting beans". Angalia vizuri: "niko" iko pale pale kwenye "I am". Na "napandaka maharagi mwezi wa tisa" ni "I plant beans in September". Ile "-aka" yetu, yenye walimu wanatuambia si Kiswahili safi, njo inatuonyesha tofauti yenye wanafunzi wengi wa Kifaransa wanaihangaikia.

Vilevile wakati uliopita. "J'ai planté" inabeba mambo mawili. Kiswahili kinasema "nilipanda" ikiwa ni jambo la wakati fulani uliokwisha, na "nimesha panda" ikiwa tunaangalia matokeo leo. Kiingereza kinafanya hivyo: "I planted last week", lakini "I have planted, you can come and see". Mtu akichanganya hapo, ajiulize kwanza: kwa Kiswahili ningesema nini? Mara nyingi jibu litakuja lenyewe.

Haiwezekani kila mahali. "Nimechoka" ni "I am tired", "nimesimama" ni "I am standing", hapo "-me-" inakwenda njia nyingine. Lakini mlango wenye kufunguka mara nyingi ni bora kuliko ukuta. Na sijaona klabu hata moja yenye kuutumia. Nyingi zinakataza kabisa Kiswahili ndani ya ukumbi, na wanaotoroka neno moja wanalipishwa faini.

5. Vifaa tunavyotumia

Sasa nipite haraka kwenye vifaa, kila kimoja na haki yake.

Kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, kilitoka 1985 kwa Cambridge, na fotokopi zake ziko kila mahali. Ni kitabu kizuri: ukurasa wa kushoto unaeleza, wa kulia unakufanyisha mazoezi, na unaweza kujifunza peke yako. Lakini ni kitabu cha sarufi. Mtu anayejaza nafasi kwa penseli miezi sita hajafungua kinywa hata mara moja. Tusikilaumu kitabu kwa kazi yenye hakikuahidi.

Duolingo inakujengea mazoea ya kila siku, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye kuishi peke yake na Kiingereza chake. Shida yake kwetu ni mbili. Inatupitisha Kifaransa, na sehemu kubwa ya kazi ni kugusa maneno yaliyokwisha tayarishwa. Kutambua neno kwenye kioo na kulitoa mdomoni ni kazi mbili tofauti. Mtu ana siku mia tatu mfululizo kwenye programu, na bado hawezi kueleza namna ya kufika sokoni.

Programu za redio za VOA kwa wanafunzi, zilizoanza 1959 kwa jina la Special English, zilikuwa na wazo lenye naliheshimu zaidi. Walichukua maneno karibu 1500 tu, sentensi fupi, na msomaji wa pole pole, na kwa hayo wakaeleza habari za dunia, sayansi, kilimo, afya. Rekodi zake bado zinazunguka kwenye simu zetu. Mwalimu Michael West, alipochapisha orodha yake ya maneno ya lazima mwaka 1953, naye aliishia karibu 2000. Hao watu hawakuwa wavivu. Waliona kwamba maneno machache ya kila siku yanabeba mzigo mkubwa wa lugha, na mengine yanakuja baadaye kwa kazi ya kila mtu.

Orodha zenye kichwa "maneno 50 ya kukufanya uonekane msomi", hizo sina zuri la kusema. Hata kichwa chake kinasema ukweli wake: kuonekana.

6. Mtu ataniuliza juu ya mitihani

Najua jibu lenye linakuja. "Bwana agronome, IELTS na TOEFL zinaomba maneno ya juu. Bila hayo hakuna bursa." Ni kweli, na haifai kudanganyana. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alihesabu mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti ao riwaya bila msaada kunahitaji familia za maneno 8000 mpaka 9000. Hata maneno 2000 ya West hayatoshi kwa masomo ya chuo.

Lakini angalia maneno ya chuo yenyewe. Averil Coxhead alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yenye kurudi katika maandiko ya chuo: analyse, concept, data, method, process, structure, section. Ni nini hapo yenye hukuiona kwenye TFC yako? Kwa macho, msomi wa Kifaransa anaanza mashindano hayo akiwa mbele. Upungufu wetu uko masikioni na mdomoni. Kifaransa kinakaza mwisho wa neno, Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza kinakaza mahali kinapotaka. "Agriculture" inakazwa mwanzo. "Develop" inakazwa katikati. "Vegetable" inakazwa mwanzo, na mwisho wake unamezwa, ule mwisho hausemi "tebo". Kwa hiyo maneno marefu yanahitaji kazi, ndiyo, lakini ni kazi ya kuyasikiliza na kuyasema, hapana ya kuyanakili ubaoni na maana yake ya Kifaransa pembeni.

7. Vinywa vingapi vinafanya kazi?

Lawama yangu ya mwisho kwa klabu ni ya hesabu. Watu arobaini wanakaa saa mbili. Mmoja anaongea dakika kumi, mwenzake anajibu, mwenyekiti anasahihisha, tunapiga makofi, tunafunga kwa sala. Wenye kuongea ni watu watano, sita. Wengine thelathini na zaidi walikuja kusikiliza. Kama kazi ya kuogelea ingekuwa hivyo, tungekuwa tunakaa pembeni ya ziwa Kivu tukimtazama mmoja.

Iko mbinu moja ya zamani, isiyoomba umeme, mega wala dola. Keith Maurice aliieleza 1983, na Nation aliichunguza baadaye. Munakaa wawili wawili. Unamweleza mwenzako jambo moja kwa dakika nne. Kisha unabadilisha mwenzako, unaeleza jambo lilelile kwa dakika tatu. Unabadilisha tena, dakika mbili. Mara ya kwanza unatafuta mawazo na maneno kwa pamoja, unakwama. Mara ya tatu mawazo yamesha tulia, akili yote inabaki kwa ulimi, na ulimi unakimbia. Katika ukumbi wa watu arobaini, vinywa ishirini vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kila mtu anaongea dakika tisa, na wote munamaliza kwa dakika kumi na nane. Na hakuna mtu wa kumcheka dada yako, juu kila mmoja yuko na shida zake.

Jambo la kueleza lisiwe "globalization". Liwe lile unalolijua mpaka usingizini, hivi kwamba kinachokosekana ni Kiingereza tu. Wa afya aeleze namna ya kuchemsha maji ya mtoto. Wa sheria aeleze ugomvi wa mpaka wa shamba. Sisi wa kilimo tueleze muhogo.

Kwa hiyo napendekeza kwa kamati ya chama: kikao kijacho, badala ya hotuba, kila mtu aje na kazi moja ya mikono yake, aieleze mara tatu, kwa maneno yasiyopita silabi mbili. Majina ya vitu tu yasamehewe. Mimi nimesha andika mwanzo wa yangu kwenye karatasi: "Cut the stem. Dig the soil and make a heap. Lay the stem in it. Leave one metre to the next. Weed three times." Kata kijiti cha muhogo, chimba udongo, inua tuta, laza kijiti, acha metre moja mpaka kingine, palilia mara tatu. Mkulima wa Kabare angeelewa, na mtafiti wa Ibadan pia. Hakuna neno la kupigiwa makofi ndani yake. Nilipojaribu kuendelea mpaka kuvuna, kumenya, kuloweka na kuanika, nilikwama mara kumi na moja, na hayo kumi na moja njo maneno yangu ya wiki hii.